Maswali na majibu: Taja bendi kwanza

Barua zote zilizouliza "naomba ule wimbo wa zamani unaosema mpenzi usiniache" nimeziweka pembeni. Kwa maelezo hayo hata mtunzi mwenyewe asingeupata. Zilizobaki, za muziki wetu wa dansi, ni hizi.

Shikamoo mzee. Naomba orodha ya nyimbo za Mbaraka Mwinshehe alizopiga akiwa Sikinde. (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Hazipo. Sikinde ni Mlimani Park, bendi nyingine kabisa. Mbaraka alivuma na Morogoro Jazz, mwaka 1973 akaunda Super Volcano, na alikuwa na bendi hiyo hadi alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Anayekuuzia "Mbaraka na Sikinde" anakuuzia jalada.

Mkali nani, Mbaraka au Marijani Rajab? (Wasomaji wengi mno)

Kaulizeni kijiweni.

Hizi zilipendwa si rhumba la Wakongo lililotiwa maneno ya Kiswahili tu? (Msomaji, Mwanza)

Swali hili linarudi kila mwezi, na kila mwezi anayeuliza ameshajijibu mwenyewe. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa 1932, Morogoro Jazz 1944. Wakati huo Kinshasa ilikuwa bado inaitwa Léopoldville, na hakuna aliyekuwa akiisubiri itufundishe kucheza. Kilichokuja miaka ya 30 ni santuri zenye nembo ya GV, za muziki wa Cuba, na zilisikilizwa Léopoldville kama zilivyosikilizwa kwetu. Sisi na Wakongo tulisoma darasa moja. Wao wakaja kufaulu zaidi, sawa, lakini mwalimu alikuwa ng'ambo ya bahari.

Sikiliza Salum Abdallah wa Morogoro. Bendi aliyoianzisha mwaka 1948 ilianza kwa jina la La Paloma, baadaye ikawa Cuban Marimba. Majina hayo peke yake yanakuonyesha kijana yule alikuwa akisikiliza nini. Alifariki 1965, na Juma Kilaza akaiendeleza bendi.

Wakongo walikuja baadaye, tena wengi wao walitoka mashariki ya nchi yao, Katanga na Maniema, ambako Kiswahili ni cha nyumbani. Bendi ya Maquis iliingia Dar miaka ya 70. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Walituongezea magita na sebene, ile sehemu ya magita ya kuchezea, hilo halina ubishi. Ila na wao walibadilika. Remmy wa bendi ya Super Matimila, aliyeimba umaskini, kifo na kondomu mpaka "Mambo kwa Soksi" ikawakera wakubwa, asingekuwa yule kama angebaki kwao. Leo kuna eneo zima Sinza linaitwa kwa Remmy. Mtu huyo unamwitaje mgeni?

Kamanyola, Saboso, Segere Matata, Vangavanga: ni bendi au ni aina za muziki? (Msomaji, Tanga)

Mitindo. Kila bendi iliyojiheshimu ilikuwa na wake: Saboso ni Western Jazz, Segere Matata ni Tabora Jazz, Vangavanga ni Polisi Jazz, Kamanyola, tena bila jasho, ni Maquis. Mwingine ulitoka kwenye ngoma za asili, kama Sikinde ya Wazaramo, uliochukuliwa na Mlimani Park. Faida yake ilionekana pale jina la bendi lilipokuwa halitulii. Iliyoanza 1964 kama NUTA Jazz ikawa JUWATA, ikawa OTTU, kila jumuiya ya wafanyakazi ilipobadili jina. Mashabiki hawakujisumbua. Wao walikuwa wakienda Msondo, na Msondo Ngoma ndilo jina lililobaki.

Kwa nini bendi za zamani zilikuwa za polisi, jeshi, bima na viwanda? Wanamuziki walikuwa askari? (Msomaji, Nairobi)

Wengine walikuwa askari kweli. Wengi walikuwa waajiriwa kama karani yeyote, na kazi yao ilikuwa kupiga muziki. Vyombo ni ghali, vinatoka nje, na kuviagiza kunataka fedha za kigeni ambazo mpiga gita wa Kariakoo hakuwa nazo. Shirika la umma lilikuwa nazo, au lilijua mlango wa kubisha. Kwa hiyo chama cha wafanyakazi kikawa na bendi, Umoja wa Vijana ukawa na Vijana Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz, Shirika la Bima likawa na Bima Lee. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi. Kampuni ilipoyumba, mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam.

Mwanamuziki alipata mshahara ukumbi ujae usijae. Hiyo ndiyo raha yake. Karaha yake ni kwamba gita si lake, spika si zake, na siku akihama anatoka na sauti yake tu. Ndiyo maana kuhama kulikuwa kwingi: aliyeahidi donge nono alichota bendi nzima. Mwaka 1985 Hugo Kisima alipounda International Orchestra Safari Sound, aliingia Mlimani akaondoka na waimbaji Gurumo na Bitchuka na mpiga gita Abel Balthazar kwa mpigo. Mlimani ikajaza nafasi, ikaendelea kupiga. Hapo ndipo utajua kwamba muziki ule ulikuwa kazi ya bendi, na huu mtindo wa sasa wa kumtaja mwimbaji mmoja na kuwasahau wapiga solo, wapulizaji na mtu wa tumba ni uvivu.

Kuhusu pensheni, usiniulize sana nisije nikaharibu siku. Muhidin Maalim Gurumo aliimba tangu mwanzo wa miaka ya 60, akastaafu 2013, na gari alilopata lilikuwa zawadi ya kijana wa Bongo Fleva, Diamond Platnumz. Kijana alifanya jambo jema. Ila tujiulize waliopiga nyimbo za mzee yule redioni miaka yote hiyo walimlipa nini.

"Sina Makosa" ni wimbo wa Kenya au wa Tanzania? Tumebishana hadi tukanuniana. (Msomaji, Mombasa)

Patanishaneni. Bendi ni Les Wanyika, iliyozaliwa Nairobi 1978 na watu waliojitoa Simba Wanyika. Simba Wanyika ni ya ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliopitia Arusha kabla ya kuvuka mpaka. Nairobi kulikuwa na kampuni za santuri na viwanda vya kuzichapa. Dar kulikuwa na studio ya redio ya taifa, ambayo ilirekodi vizuri lakini haikukupa santuri ya kuuza. Wenye njaa ya soko walivuka. Wapigaji wa Tanzania, bendi ya Nairobi, na wasikilizaji hadi Bujumbura.

Mbona nyimbo za dansi ni ndefu hivyo? Nikifika dakika ya tatu nahamia nyingine. (Msomaji, Arusha)

Basi hujawahi kuusikia hata mmoja. Sehemu ya kwanza inakwenda polepole, inakueleza kisa. Ikiisha, magita yanabadilika, mapulizo yanaingia, mwendo unapanda: hilo ndilo chemko, ndipo watu walipoinuka vitini. Nawalaumu pia watangazaji wanaokata wimbo pale pale ili wasome matangazo, na vijana wanaopandisha nyimbo mtandaoni nusu nusu, bila jina la bendi, na picha ya mtu ambaye hata hakuimba. Makosa yao yananakiliwa na mashine sasa, na kesho yatakuwa ndiyo historia.

Anko, nataka kurudia wimbo wa miaka ya 80. Prodyuza ananiambia mtunzi akishafariki wimbo ni wa wote. (Msomaji, Dar es Salaam)

Prodyuza wako anakupeleka pabaya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na haki ya mtunzi haizikwi naye, inakwenda kwa warithi. Kwanza mjue mtunzi, ambaye mara nyingi si yule unayemsikia akiimba. Halafu tenganisha mambo mawili. Kuimba upya ni suala la mtunzi au warithi wake. Kukata kipande cha rekodi yenyewe, lile gita au lile pulizo, kunamgusa pia mwenye rekodi, na rekodi nyingi za enzi hizo zilifanywa na Radio Tanzania, zikarithiwa na TBC, shirika la utangazaji la taifa. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukiwa na jina la wimbo, la bendi na la mtunzi, na makubaliano yawe ya maandishi kabla hujaingia studio. Ukienda baada ya wimbo kuvuma, bei itakuwa nyingine.