Nikodi lenzi tatu kwa mpigo au moja moja?

Swali: Shikamoo kaka. Niko Nyegezi hapa Mwanza, natumia Canon 200D na ile lenzi iliyokuja nayo ya 18-55, napiga besdei, sendofu na mahafali ya wanafunzi. Kuna mtu mjini anakodisha lenzi, nimejikusanya kidogo nataka nichukue tatu kwa mpigo wikiendi moja, 50mm ya 1.8, 10-18 na 70-200 ya 2.8, nizijaribu zote afu nijue ya kununua ni ipi. Jumamosi hiyo hiyo nina sendofu Buzuruga kwahiyo nitazitumia humo humo. Je niko sawa? Na nitajuaje kama ni nzima kabla sijaondoka nazo? Halafu binamu yangu ana lenzi ya Nikon anasema nichukue hiyo bure, itaingia kwenye yangu?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Nianze na hiyo jumamosi maana ndo imenishtua. Sendofu ya watu siyo sehemu ya kujaribia lenzi. Lenzi mpya mkononi inakuharibia mazoea yote, kidole kinatafuta zumu haipo, unarudi nyuma hatua mbili unamkanyaga MC, bibi harusi mtarajiwa anaingia na wapambe wake we bado unahangaika na fokasi, na hakuna atakayekusamehe kwamba ulikuwa unajifunza. Jumamosi nenda na 18-55 yako na flashi uliyoizoea. Lenzi kodi jumanne au jumatano, siku ambazo hamna shughuli na wakodishaji wengi wako tayari kukusogezea bei kwa sababu vitu vimelala tu kabatini. Na chukua moja. Nilishabeba tatu kwa pamoja miaka ya mwanzoni, nikashinda nabadilisha badilisha tu, jioni nina picha mia nne na sijui hata moja imetoka lenzi gani imenifundisha nini.

Sasa kabla hujatoa hata mia mfukoni kuna jaribio la bure. Hiyo 18-55 yako ina 50 ndani yake. Zungushia zumu mpaka 50, bandika utepe wa karatasi isisogee, tembea nayo siku nzima hivyo hivyo. Ukubwa wa fremu utakaouona ndo ule ule utakaoupata kwenye hamsini ya kukodi, hamna tofauti. Watu wengi wananunua hamsini kwa sababu rafiki kasema nzuri, wanaingia sebule ya wastani pale Mabatini kupiga familia ya watu nane wanajikuta mgongo umegonga ukuta na bado baba mdogo hayumo kwenye picha. Sababu ni sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. 200D ina sensa ndogo, kwa Canon unazidisha mara 1.6, kwahiyo hamsini kwako inabana kama 80 kwenye kamera ya fulufremu, ile yenye sensa kubwa. Hilo utaligundua kwa utepe tu wa karatasi.

Pia fungua picha zako za mwaka mzima kwenye kompyuta, bonyeza sehemu ya taarifa za faili, kila picha imejiandika ilipigwa kwa milimita ngapi. Ukikuta nyingi zimegota 55, we unatamani kusogea karibu, lenzi ndefu inakuita. Zikigota 18 unatamani upana. Zikiwa katikati katikati ila ISO (namba ya jinsi kamera inavyolazimisha mwanga) zote ziko juu, 6400, shida yako siyo milimita, shida ni mwanga.

Na kwa kazi zako mi nahisi ni mwanga. Hapo ndo unakodi, unakodi kitu ambacho 18-55 haiwezi kabisa kukuonyesha. Lenzi yako ikifika 55 inafunguka mpaka f/5.6 basi (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa). Ile hamsini inafika f/1.8. Kwa macho hizo namba zinafanana tu ila mwanga unaenda kwa kipenyo mara kipenyo, 5.6 gawanya kwa 1.8 unapata kama 3.1, zidisha yenyewe kwa yenyewe, karibu mara kumi. Mara kumi! Maana yake ukumbi ule ule, shata spidi (kasi ya kamera kufunguka na kufunga) ile ile, ulikokuwa unapiga ISO 6400 sasa unapiga 640, na zile chembe chembe kwenye ngozi ya bibi harusi zinapotea zenyewe bila programu yoyote.

Lakini hiyo 1.8 ina makali yake. Ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu, sehemu inayokaa kwenye fokasi ni kama sentimita sita tu mbele mpaka nyuma. Jicho limetulia, sikio limeshaanza kuyeyuka. Mtu mmoja inapendeza sana, watu wawili wanaolishana keki hawako mstari mmoja, mmoja atakuwa mkali na mwenzie ukungu na wote wamelipia. Kwahiyo siku ya jaribio mkalishe mdogo wako kwenye kiti, mpige 1.8, 2.2, 2.8, 4, umbali ule ule, afu ongeza mtu wa pili nusu hatua nyuma yake urudie. Hiyo dakika ishirini itakufundisha zaidi ya kushinda unapiga maua. Jioni nenda mtaani taa zikiwaka, kwa wauza chipsi au samaki wa kukaanga, omba ruhusa kwanza, uone inavyobeba mwanga wa balbu moja.

Kitu kingine cha ukumbini ambacho lenzi haitakusaidia: zile taa za LED za zambarau na kijani. Umeme wetu ni hezi 50, ukipandisha shata spidi juu baadhi ya taa zinakuachia mistari myeusi picha nzima. Shusha mpaka 1/100 mistari mingi inaondoka. Watu wanalaumu lenzi ya kukodi bure.

70-200 ya 2.8 hiyo iwe mwezi unaofuata, na hiyo ndo kweli ya kukodi maana bei yake dukani siyo ya kubahatisha. Ina kilo moja na nusu hivi kutegemea toleo, ongeza kamera, masaa matatu ya sendofu bega litakuambia kama mnaendana. Kwako itakuwa kama 112 mpaka 320. Ukiwa mkono mtupu kwenye 200 usishuke chini ya 1/320, na hata kama ina kitulizo cha mtikisiko, kile kinatuliza mkono wako tu, mama anayecheza akiwa na kanga kichwani hakimtulizi, huyo anataka 1/250 au zaidi.

Ila mi ningekushauri uipeleke ziwani kwanza. Nenda kwenye jiwe la Bismarck pale ziwani jua linapozama, saa moja kasoro hivi. Kila mtu ana picha ya lile jiwe na jua nyuma kama punje ya mtama, na wanashangaa mbona kwa macho lilikuwa kubwa. Picha ya jua kwenye sensa ina upana wa milimita za lenzi gawanya kwa 109 hivi. Kwa 18 unapata chini ya robo milimita, kwa 200 unapata karibu 1.8, na sensa yako ina urefu wa kusimama milimita 15 hivi. Ila kukuza jua peke yake haitoshi, lazima urudi nyuma. Ukisimama ukingoni karibu na jiwe na 200 utapata kipande cha jiwe tu. Rudi nyuma mpaka jiwe liwe dogo kwenye macho afu livute kwa lenzi, jua halijali we umerudi hatua mia, ukubwa wake ni ule ule, ila jiwe limepungua, kwahiyo jua linapanda cheo. Hiyo kitu ukiielewa pale ndo umeelewa lenzi ndefu, na ndo utaitumia mahafali kuvuta bendera na majengo ya nyuma yawe makubwa nyuma ya mwanafunzi. Tahadhari moja ya nguvu, usichungulie jua kupitia kitobo cha kamera ukiwa na lenzi ndefu, jicho halina spea. Tumia kioo cha nyuma ya kamera, ile skrini, na subiri liwe jekundu chini kabisa.

Asubuhi yake pita mwaloni Kirumba kwenye makorongo wale wakubwa wenye upara, wale hawaogopi mtu, 70-200 inatosha na inabaki. Usije ukajidanganya ukadhani imekuwa lenzi ya ndege, ukimfuata mdiria anayeelea hewani juu ya maji kabla hajapiga mbizi utaona 200 bado ni fupi.

10-18 mi ningeiacha kwanza. Siyo mbaya, kwa mji huu wa mawe na nyumba zilizopandana milimani inatoa picha tamu ukisogea jiwe la mbele mpaka karibu uligonge. Lakini inaanzia f/4.5, ukumbini ni giza, na mtu akikaa pembeni ya fremu inamvuta kichwa kinakuwa kama papai. Wateja wa sendofu hawataki hivyo, wanaokaa pembeni kwenye picha ya familia mara nyingi ni mashangazi na mashangazi ndo wanaolipa.

Kuhusu kujua kama ni nzima. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu iliniuma. Niliwahi kukodi lenzi kwa jamaa mmoja nikaichukua haraka haraka nawahi kivuko, narudisha anatoa tochi ananionyesha mkwaruzo kioo cha nyuma cha lenzi, sikuwa na ushahidi wowote kwamba niliukuta, nikalipa. Toka siku hiyo napiga video ya lenzi mbele ya mwenye nayo, nje, kioo cha mbele, cha nyuma, namba yake ya utambulisho (serial namba), vifuniko viwili na ile kofia ya mbele kama ipo.

Tochi ya simu imulike kwa upande mmoja uchungulie upande wa pili. Vumbi mbili tatu usiwe na wasiwasi, halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, na huku kwetu pembeni ya ziwa na unyevu huu ipo kwenye lenzi nyingi zinazolala kwenye begi bila kuguswa. Ikiwa na fangasi mwachie mwenyewe. Zungusha pete ya fokasi na ya zumu usikilize kama kuna mchanga unasagika. Ifunge kwenye kamera YAKO siyo ya kwake, piga picha moja 1.8 na moja f/8, kama inagoma kubadilika au kamera inatoa ujumbe wa kosa, nyuzi za ndani zimechoka.

Afu tafuta ukuta wa tofali ambao haujapigwa plasta, Mwanza haikosekani, simama sawa nao upige. Kuza kona zote nne kwenye skrini ya kamera. Kona zote zikiwa laini kidogo ni kawaida ukiwa umefungua sana. Kona moja tu ikiwa ukungu na tatu kali, hiyo lenzi huenda ilishaanguka, vioo vya ndani vimekaa upande. Mwisho piga kitu kimoja mara mbili, mara ya kwanza ukitumia kitobo, mara ya pili kioo cha nyuma, yaani skrini. Ikiwa kali kwenye kioo na laini kwenye kitobo basi vioo vya lenzi ni vizima, ni mitambo ya fokasi ya kitobo haijaelewana nayo, we tumia kioo cha nyuma maisha yaendelee.

Dhamana wengi wanataka kitambulisho cha NIDA na hela kidogo. Andikeni, hata kwa meseji tu, saa ya kurudisha, na ikivunjika nani analipa kiasi gani. Na usibadilishe lenzi ukingoni mchana upepo wa ziwa ukivuma, au ukilazimika geuza mgongo kwenye upepo na kamera iangalie chini. Ukitoka chumba cha kiyoyozi usiifungue begi hapo hapo nje, iache kama dakika ishirini izoee joto, la sivyo itafuka kama sufuria.

Ya binamu: haiingii. Kiti cha lenzi cha Canon na cha Nikon havifanani. Kuna adapta ya chuma inayokuwezesha kuifunga, ila fokasi utazungusha kwa mkono, na kama ni zile Nikon zisizo na pete ya apecha (lile tundu la mwanga) utakuwa huna hata namna nzuri ya kuifungua na kuifunga. Mshukuru tu. Na kama mkodishaji wako atakuletea lenzi yenye herufi RF mwambie hapana, hiyo ni ya kamera mpya za Canon zisizo na kioo cha kuruka ndani (mirrorless), kwenye 200D haikai hata kwa adapta. Yako inataka EF au EF-S. Alama ya kufungia kwenye EF ni nukta nyekundu, EF-S ni kimraba cheupe, na 200D yako ina zote mbili pale mdomoni, angalia sasa hivi utaziona.