Simuleta yasema safi, simu yasema hapana

*Maswali ya wasomaji kuhusu tovuti na kompyuta*

Shikamoo fundi. Nimetengeneza tovuti ya kwaya yetu nikaipima kwa simuleta ya mtandaoni, ile unayobandika anwani ya ukurasa nayo inakuchorea simu yenye tovuti yako ndani. Nilijaribu simu za kila aina, zote zikaonyesha mambo safi: menyu imejikunja, picha zimepangana moja chini ya nyingine. Mwenyekiti wetu alipoifungua kwenye simu yake, maandishi yalikuwa kama sisimizi, mpaka akuze kwa vidole viwili ndipo asome. Kwenye simu yangu hali ni hiyohiyo. Simuleta inanidanganya? *(Mtunza tovuti wa kwaya)*

Marahaba. Haikudanganyi, ila imejibu swali dogo kuliko lile ulilokuwa nalo kichwani. Ule mchoro wa simu yenye kona za mviringo ni pambo. Ndani yake mna fremu, yaani ukurasa uliowekwa ndani ya ukurasa mwingine, yenye upana wa pikseli 360 au 375, na kinachochora tovuti yako humo ni kivinjari kilekile cha kompyuta unayoitumia. Kwa hiyo umepima jambo moja tu: tovuti ikibanwa kwenye upana huo, inajipangaje? Umepata jibu, na jibu ni sahihi.

Simu yenyewe haianzii hapo. iPhone ya kwanza ilipotoka mwaka 2007, skrini yake ilikuwa na upana wa pikseli 320, na tovuti karibu zote zilikuwa zimeshonwa kwa vipimo vya kompyuta. Apple wakaifanya Safari ya simu ijidai ina upana wa pikseli 980, ichore ukurasa mzima kwa upana huo, halafu iusinyaze hadi uenee kwenye kiganja. Anayetaka simu iache kujidai anaandika mstari mmoja kwenye kichwa cha ukurasa. Vivinjari vingine vya simu vikafuata mkondo huo, na hadi leo ukurasa usio na mstari huo unasinyazwa. Kivinjari cha kompyuta, kwa upande wake, hakiujali kabisa, uwepo usiwepo. Ndiyo maana fremu yako ilipendeza.

Fungua msimbo wa ukurasa wako, utafute neno viewport. Naweka dau halimo, au limeandikwa kwa makosa. Mstari ni huu, nao unakaa ndani ya head:

`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

Ukiona mahali wanakushauri uongeze user-scalable=no, usiwasikilize. Kazi yake ni kumzuia msomaji asikuze maandishi, na huyo mwenyekiti wako asingeweza kusoma hata neno moja.

Baada ya hapo achana na simuleta za fremu, tumia iliyomo ndani ya kivinjari. Kwenye Chrome bonyeza F12, kisha Ctrl+Shift+M. Kwenye Firefox hiyo ya pili inatosha. Kwenye Safari ya Mac iko ndani ya menyu ya wasanidi, ambayo huwashwa kwanza kwenye mipangilio. Ukichagua simu kwenye Chrome, kivinjari kinaheshimu ule mstari wa viewport, kinageuza kipanya kuwa kidole, na kinajitambulisha kwa seva kama simu. Pakia ukurasa upya kila unapobadilisha simu, maana tovuti nyingine huamua sura yake mara moja tu, pale inapofunguka. Humohumo kuna sehemu ya kupunguza kasi ya mtandao na ya kichakataji. Ipunguze. Kompyuta yako ina nguvu kuliko simu za waimbaji wengi, na picha nzito unayoiona ikifunguka papo hapo inaweza kumchosha mtu mwenye mtandao wa kusuasua.

Hata hiyo nayo ina mwisho wake. Ukichagua iPhone ndani ya Chrome, vipimo vinakuwa vya iPhone lakini injini, yaani sehemu ya kivinjari inayochora ukurasa, inabaki Blink ya Chrome, iliyojitenga na WebKit ya Safari mwaka 2013. iPhone halisi inachora kwa WebKit, hata mtu akifungua Chrome humo, kwa kuwa ndivyo Apple wanavyotaka. Umoja wa Ulaya ndio wa kwanza waliofunguliwa mlango wa injini nyingine, mwaka 2024. Kasoro ya Safari hutaiona kwenye Chrome, hata uchague iPhone ngapi.

Halafu kuna kibodi. Kwenye simuleta haitokei, kwenye simu inameza karibu nusu ya skrini, na kitufe chako cha "Tuma" kinaweza kuwa chini yake. Tena iPhone ina tabia yake: mtu akigusa kisanduku cha kuandikia chenye herufi zilizo chini ya pikseli 16, ukurasa unajikuza wenyewe na kuhama pembeni. Fomu ya kujiunga na kwaya ipe herufi za 16, yaishe.

Nikibandika anwani ya tovuti ya ofisini kwetu, simuleta inaonyesha kisanduku cheupe kilichoandikwa kwamba tovuti imekataa kuunganishwa. Kwenye kivinjari inafunguka vizuri. *(Msomaji wa siku nyingi)*

Tovuti yenu ni nzima. Seva inatuma agizo, aidha X-Frame-Options au frame-ancestors, linalokataza ukurasa kuwekwa ndani ya fremu ya watu wengine. Ni kinga dhidi ya matapeli wanaofunika ukurasa halali kwa vitufe vyao, mtu akabofya asichokijua. Usimwombe msimamizi wa seva aliondoe kwa ajili ya kupima tu. F12 haisumbuliwi na agizo hilo.

Fundi, orodha ya simu kwenye simuleta ni ndefu mno. Nipime zipi na niache zipi? *(Mwanafunzi wa usanifu)*

Usipime simu, pima upana. Chagua hali inayokuruhusu kuvuta ukingo kwa mkono, anza na pikseli 320, uvute polepole hadi upana wa kompyuta huku ukitazama ni wapi kitu kinakatika, kinapandana au kinatoka nje ya ukingo. Hapo ndipo pa kurekebisha, iwe kuna simu ya upana huo au hakuna. Sababu ya kuanzia 320 si simu za zamani peke yake: miongozo ya WCAG, ile ya kuhakikisha tovuti inatumika hata na watu wenye ulemavu, inataka ukurasa usomeke kwa upana huo bila kusukumwa kushoto na kulia, kwa sababu mtu mwenye uoni hafifu akikuza mara nne kwenye skrini ya 1280, anabakiwa na 320.

Wala usitishwe na vipimo vya kwenye matangazo. iPhone SE ya kizazi cha pili na cha tatu ina nukta 750 kwa 1334, lakini kwa tovuti yako ni 375 kwa 667, kwa kuwa kila pikseli ya ukurasa inachorwa kwa nukta mbili kwa kila upande.

Vitufe navyo vipimwe. Ncha ya kipanya ni kama sindano, kidole sivyo. Apple wanapendekeza pikseli 44 kila upande, Google 48, na WCAG 2.2 ya mwaka 2023 inaweka 24 kuwa kiwango cha chini kabisa. Menyu inayofunguka kwa kuelea juu yake na kipanya ibadilishe ifunguke kwa kuguswa.

Mwishowe azima simu mbili, moja ya Android ya bei ya chini na iPhone moja. Hiyo ya Android washa utatuzi wa USB (USB debugging), ichomeke kwenye kompyuta, kisha uandike chrome://inspect kwenye Chrome: utaona ukurasa ulio kwenye simu na kuukagua palepale. Kwa iPhone utahitaji Mac yenye Safari. Usipoipata, mpe mwenye simu aijaze fomu mwenyewe, nawe ukae pembeni utazame bila kumwelekeza.