Mteja akisema "nitolee huyu, niletee mwingine"

SWALI: Mimi ni supavaiza wa mkahawa hapa Nyali, Mombasa. Jumamosi mteja wetu wa kila wiki alisoma jina kwenye beji ya msichana aliyempelekea menyu, akaniita akasema nimtolee huyo, eti yeye hawaamini watu wa kabila la msichana huyo na pesa. Nikabadilisha kimyakimya, msichana nikampeleka jikoni afute vijiko, usiku ukaisha salama. Sasa hanisalimii. Nilikosea? Si mteja ana haki ya kuchagua?

JIBU: Ulikosea dada yangu, na najua hukukusudia. Swali hili naletewa kila mara, na linalonichosha zaidi ni hilo neno kimyakimya, kama vile bila kelele basi hakuna kilichotokea. Kimetokea. Yule msichana amepoteza meza, amepoteza bakshishi ya Jumamosi, amefuta vijiko huku wenzake wakijua kwa nini. Na aliyemfanyia hivyo ni wewe. Mteja alisema tu, aliyemwondoa ni mkahawa.

Ndivyo sheria inavyoliona pia. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa rangi, dini, lugha, asili yake, ulemavu na mengineyo, na kesi ikifika mahakamani ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Utasimama useme nini, kwamba mteja alitaka? Hapo ndipo umejifunga mwenyewe.

Mteja anachagua chakula, meza, pilipili iwekwe au isiwekwe. Akiuliza nyama ni halali, hilo ni la chakula, mjibu vizuri. Akilalamika amecheleweshewa, msikilize. Lakini mtu wa kumhudumia hachaguliwi kwa kabila wala kwa hijabu. Siku nyingine nenda mezani wewe mwenyewe, sauti ya chini: "Huyu ndiye mhudumu wa meza hii na kazi yake naiamini, ukiona kosa lolote kwenye huduma niite mimi." Wengi hunyamaza wakaagiza. Akianza matusi mletee bili ya alichokula, aondoke. Halafu muulize msichana, maana pengine hataki kurudi pale, na ana haki, basi meza hiyo ihudumie wewe na bakshishi iwe yake. Andika kitabuni tarehe, saa, meza na maneno yenyewe yalivyosemwa.

Sasa hawa wakufunzi wa siku moja, chai na mandazi asubuhi, cheti jioni, ndio wanaotuharibia kazi. Wanawakaririsha vijana "mteja ni mfalme" wanachukua hela zao wanaenda, kesi ikija hawapo. Siku hizi wana dawa mpya, toeni majina ya ukoo kwenye beji, mpeni kila mtu jina la kazini ili wateja wasijue kabila. Yaani mfanyakazi ndiye ajifiche! Ukishakubali hilo kesho utaambiwa wa hijabu wakae nyuma, keshokutwa mwenye mabaka ya ngozi asishike sahani, na kila mara utaambiwa ni biashara tu.

Mnakumbuka 2015, mgahawa wa Wachina kule Kilimani, Nairobi, uliokuwa hauwaingizi Waafrika baada ya saa kumi na moja jioni, sababu eti usalama? Habari ilipotoka nchi nzima ilichemka, ukafungwa, na mwenyewe akafikishwa kortini kwa mambo ya leseni. Ubaguzi ukianikwa, kila karatasi yako inakaguliwa.

Mwite huyo msichana kabla ya shifti, muombe radhi bila kumtaja mteja kama kisingizio, mrudishie meza zake za Jumamosi, na bosi mwonyeshe hicho kifungu cha 5. Na kama kwenu beji zilishakatwa majina, zichapishwe upya wiki hii hii, majina kamili.