Mikono ya Peter Cushing

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenikaa kichwani tangu Jumatatu: "Ni mwigizaji gani wa zamani, wa nchi yoyote, ungependa wenzako wamtafute wamtazame, na watazame nini hasa?" Najua wengi watawatajia nyota wa filamu za Kihindi tuliokua nao, na wana haki. Mimi namtaja Mwingereza, Peter Cushing, na ninachoomba watu wakitazame ni mikono yake.

Mimi ni muuguzi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, mwaka wa 21 huu. Nilianzia kazi Mombasa, nikahamia Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, lakini kazi ni ile ile: kusimama kando ya meza na trei ya vifaa, nikampa daktari anachokihitaji kabla hajamaliza kukitaja. Ukishazoea kazi hii, filamu zenye upasuaji zinakuwa mateso. Mwigizaji anashika kisu kama anayetaka kumenya embe, au anajikuna pua na glavu kaivaa, na hapo hapo hadithi imeniponyoka.

Usiku mmoja wa mapumziko nilikuta runinga inaonyesha The Curse of Frankenstein, filamu ya 1957. Sikuwa mpenzi wa filamu za kutisha, na nilikuwa na rimoti mkononi tayari kuhama. Nikamwona Cushing akiwa Baron Frankenstein, mwanasayansi anayeunda zimwi kwa viungo vya maiti, akiinamia meza yake. Alivishika vifaa kwa wepesi wa mtu aliyevishika mara elfu. Jicho lilitangulia, mkono ukafuata, na alipomaliza na kifaa kimoja hakukitupa hovyo. Nikaweka rimoti chini. Baadaye nilisoma kwamba Cushing alitaka mwenyewe afundishwe na daktari wa upasuaji namna ya kushika kisu, kwa ajili ya filamu ambayo wakosoaji wengi wa siku zile waliiona takataka. Tangu siku hiyo nimemtafuta popote alipo.

Alizaliwa Kenley, Surrey, tarehe 26 Mei 1913. Ujana wake alifanya kazi katika ofisi ya upimaji ya halmashauri, akichora michoro na kuota jukwaa. Akapata nafasi ya kusomea uigizaji katika chuo cha Guildhall mjini London, akaanza kulipwa katika ukumbi wa Worthing mwaka 1936, na mwaka 1939 akavuka bahari kwenda Hollywood. Huko alipata vijisehemu tu, kimojawapo pamoja na wachekeshaji Laurel na Hardy. Vita vikiwa vimepamba moto, akarudi nyumbani mwaka 1942, na mwaka huo huo akakutana na Helen Beck, mwigizaji mzaliwa wa St Petersburg. Walioana 1943.

Nataka Helen ajulikane. Cushing alikuwa mtu wa wasiwasi mwingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa amevunjika moyo kabisa, kazi haipatikani na afya imeyumba. Ni Helen aliyemshauri awaandikie barua watayarishaji wa televisheni, chombo ambacho waigizaji wengi wa jukwaa walikidharau. Kazi zikaanza kuja. Desemba 1954 BBC ikamchagua aigize Winston Smith, mhusika mkuu wa Nineteen Eighty-Four, mchezo kuhusu taifa la kidikteta uliorushwa moja kwa moja Jumapili usiku, kisha wakauigiza upya wote, moja kwa moja tena, Alhamisi iliyofuata. Hapakuwa na kukata wala kurudia. Watu walishtuka hadi wabunge wakalizungumzia, na Cushing akapata tuzo ya mwigizaji bora wa televisheni. Kwa hiyo Hammer, kampuni iliyotengeneza The Curse of Frankenstein, walipompata hawakuokota mtu aliyekosa pa kwenda. Walimpata mmoja wa waigizaji waliojulikana zaidi katika nyumba za Waingereza, na yeye ndiye aliyekubali kwa moyo mkunjufu kwenda kwao.

Hammer ilikuwa kampuni ndogo. Studio yake ilikuwa jumba la zamani kando ya mto Thames, huko Bray, na fedha zilihesabiwa kwa shilingi. Mwongozaji alikuwa Terence Fisher. Zimwi liliigizwa na kijana mrefu ambaye hakuwa na jina bado, Christopher Lee. Lee mwenyewe alipenda kusimulia jinsi alivyoingia akilalamika kwamba hakupewa neno hata moja la kusema, na Cushing akamjibu kwamba ana bahati, kwani yeye ameshausoma mswada. Urafiki wao ulianzia hapo, na walicheza pamoja katika filamu zaidi ya 20.

Sasa nirudi kwenye mikono. Baron ameiba maiti ya mtu aliyenyongwa. Anakikata kichwa, nasi hatuonyeshwi, tunaona mabega yake tu yakifanya kazi. Akimaliza, anajifuta damu kwenye koti lake. Hautazami mkono wala hautazami ukosi wa koti. Akili yake imeshakwenda kwenye jambo linalofuata. Nilikaa wima kitini. Kitu cha kwanza tunachofundishwa thieta ni kuujua mkono wetu, uko wapi na umegusa nini. Huyu ameacha kuujua mkono wake, na kwa kitendo kile cha sekunde mbili nilielewa kwamba maiti kwake ni uchafu tu, kama mimi ninavyoona vumbi kwenye sketi. Mbele kidogo anamfungia mtumishi wa kike, ambaye yeye Baron ndiye aliyemtongoza, ndani ya chumba alimo zimwi. Tunasikia mayowe. Picha inayofuata ni asubuhi, meza ya kifungua kinywa, naye anaomba kwa adabu kupitishiwa jemu ya machungwa. Sauti ni laini, na ule mkono unapokea kwa upole.

Hiyo ndiyo hofu ninayoijua. Zimwi lenye nyuzi usoni halinikoseshi usingizi. Mtu mwenye elimu, mwenye mikono hodari, aliyeacha kuona kwamba kilicho mezani ni mtu, huyo ananitisha, na kila aliyewahi kuwa mgonjwa anamtambua. Cushing alimwigiza Baron mara 6, filamu ya mwisho ikitoka 1974, na kila mara alimpa umri mwingine na uchovu mwingine. Ile ya 1969 ndiyo ya ukatili zaidi, na ina tukio moja la Baron kumdhulumu mwanamke ambalo wenye kampuni walilishindilia utayarishaji ukiwa umeshafika mbali. Cushing hakulitaka, Fisher hakulitaka, wala Veronica Carlson aliyelazimika kuliigiza. Mkiitazama, jueni hivyo. Mimi tukio lile huliruka.

Walio upande wa wema wamtazame kama Van Helsing, daktari anayemwinda Dracula, mfyonza damu asiyestahimili jua wala msalaba, katika Dracula ya 1958. Mapambano ya mwisho yameandikwa kwa miili miwili tu, karibu bila maneno. Van Helsing ameanguka, anajifanya amezimia, kisha anainuka, anakimbia juu ya meza ndefu na kulirukia pazia hadi linaanguka na mwanga wa jua kuingia. Halafu ananyakua vinara viwili vya mishumaa na kuvipandisha kimoja juu ya kingine, vikawa msalaba. Mswada ulitaka autoe msalaba mfukoni. Cushing ndiye aliyesema kwamba mtu huyu ameshatoa misalaba ya kutosha, atafanana na mchuuzi, na akapendekeza vinara. Ile mbio ya mezani pia ilikuwa rai yake, akiwa na miaka 44.

Vitu vilikuwa lugha yake. Miwani, kiko, karatasi, glavu: angevifanyia mazoezi mpaka vikae mkononi kama vya siku zote, na wenzake wakamwita "Props Peter", yaani Peter wa vifaa vya maigizo, kwa ajili hiyo. Kwa kuwa alivuta sigara sana, alikuwa akivaa glavu nyeupe wakati wa kuvuta ili moshi usimtie rangi vidole ambavyo kamera ingevionyesha. Nyumbani alichora kwa rangi za maji na kupaka rangi askari wadogo wa sanamu, maelfu yao. Mtu anayeweza kuketi saa nzima akipaka kifungo cha koti la askari mwenye urefu wa kidole hashindwi kuketi na kisu cha upasuaji mpaka kimkubali.

Vijana wanaijua sura yake kwa Star Wars ya 1977, alipokuwa Tarkin, kamanda katili. Buti alizopewa zilimbana, akaomba acheze na sapatu, kamera ikamchukua zaidi kuanzia magotini kwenda juu. Hakuna anayebaini. Mwaka 2016, katika filamu nyingine ya Star Wars, Rogue One, sura yake ilitengenezwa upya kwa kompyuta juu ya uso wa mwigizaji mwingine, Guy Henry. Ni ufundi mkubwa, lakini mwanangu alipofurahia ile nilimketisha tukatazama ya 1977, ili amwone mwenyewe.

Helen alifariki Januari 1971 kwa maradhi ya mapafu. Cushing hakuficha kwamba maisha yake yaliishia pale na kwamba kilichobaki ni kungoja wakutane. Kazi aliifanya mfululizo, kama tunavyowaona wafiwa wanaoomba zamu za ziada. Alipofika Madrid kucheza Horror Express, Krismasi ya kwanza bila Helen ikiwa karibu, alitaka kujitoa arudi nyumbani. Christopher Lee aliketi naye, akamkumbusha kazi walizofanya pamoja, akaongea kana kwamba hakuna lililoharibika, mpaka mwenzake akabaki.

Kuna filamu moja ya 1972, Tales from the Crypt, yenye visa kadhaa. Katika kimoja, Cushing ni Grimsdyke, mzee mgane, mzoa taka, anayeongea na picha ya mkewe marehemu huku majirani wakimfanyia vituko ili ahame. Alikuwa amepewa nafasi nyingine, akaiomba hii. Tazameni anavyoishika ile fremu. Nimewaona watu wakishika picha namna hiyo kando ya vitanda, na sijamwona mwigizaji mwingine akiipata. Katika The Ghoul, ya 1975, alicheza tena mgane, na picha ya mke iliyotumika ni ya Helen mwenyewe.

Mwaka 1982 aligunduliwa na saratani ya tezi dume, na madaktari hawakumpa muda mrefu. Aliishi miaka 12 zaidi. Alifariki Canterbury, katika nyumba ya kuwatunza wagonjwa mahututi, tarehe 11 Agosti 1994, miezi michache baada ya yeye na Lee kurekodi pamoja sauti zao kwa ajili ya filamu ya historia ya Hammer.

Mimi huenda Whitstable, mji wa pwani alioishi tangu alipojinunulia nyumba huko mwishoni mwa miaka ya 1950. Ufuo wake ni wa kokoto, maji yakipwa yanakwenda mbali na kuacha tope, na jua linazama baharini, jambo tusiloliona kwetu Mombasa. Pana mahali panaitwa Cushing's View, na hapo kuna benchi alilolitoa kwa ajili ya wapita njia, Helen akiwa amekwisha kufariki miaka mingi. Kibao chake kinasema limetolewa na Helen na Peter Cushing, wanaoipenda Whitstable na mandhari ya bahari yake. Wanaoipenda, ndivyo alivyoandika, wote wawili. Nikitoka zamu ya usiku, hulikalia mpaka baridi inishinde.