Kabla Hujamhamishia Mama Mjini

Kama mama yako ana presha na anaishi peke yake kijijini, uliza kwanza mhudumu wa afya ya jamii wa pale ni nani. Kenya, tangu Septemba 2023, wahudumu hawa wamepewa mikoba yenye mashine za kupimia presha na sukari, pamoja na simu za kuwekea rekodi. Kila mmoja ana nyumba kama 100, na aghalabu ni jirani.

Mama yangu ni mjane, yuko Kaloleni. Hataki kuondoka: kuku wake wako pale, makaburi ya watu wake yako pale. Mhudumu hupita, humpima, hutazama dawa zilizobaki, na presha ikipanda humwandikia rufaa ya zahanati. Yeye si daktari, habadilishi dawa. Lakini anagundua mapema, na kwa mzee hilo ni kubwa mno.

Ninalokusihi ni daftari. Likae karibu na dawa, na kila kipimo kiandikwe tarehe na namba zote mbili za presha, ya juu na ya chini. Kule zahanati, kipimo cha mzee aliyepanda kilima juani kinaweza kudanganya. Vipimo vya mwezi mzima alivyopimwa ametulia kwake vinaeleza zaidi.

Nikipiga simu, naanza na mama mwenyewe, kisha mhudumu. Mzee ambaye habari zake huulizwa kwa watu wengine huanza kujiona mgonjwa hata siku alizo mzima.

Msajili mama kwenye SHA, bima ya afya ya serikali, kwa *147#. Usajili ni bure. Matibabu ya kawaida ya zahanati na kituo cha afya hayahitaji mchango, ila kulazwa hospitali kunahitaji awe amelipiwa, na kwa asiye na mshahara mchango hulipwa wa mwaka mzima. Kama ametimiza miaka 70, ulizia kwa chifu usajili wa Inua Jamii, pesa za serikali za kuwasaidia wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi. Hizo mwachie za unga na mahitaji yake. Dawa ambazo zahanati haina, nyinyi watoto zitengeeni fungu.

Akianza kusahau moto jikoni, au kuanguka akienda choo cha nje usiku, haya yote hayatoshi. Tafuteni mtu wa kulala pale nyumbani, na mhudumu aambiwe siku hiyo hiyo.