Meneja au mkurugenzi wa uendeshaji: ulizeni mamlaka mtakayopewa kabla ya kupokea cheo

Wadogo zangu mnaoingia kwenye biashara ndogo hapa Dar, cheo kisiwapoteze. Sera ya taifa ya mwaka 2003 inaita biashara ndogo ile yenye wafanyakazi 5 hadi 49. Kwenye sehemu ya watu kumi na wawili, mmoja ataitwa meneja wa uendeshaji, mwingine mkurugenzi wa uendeshaji, na asubuhi utawakuta wote stoo wanahesabu katoni. Tofauti yao utaiona jambo linapoharibika: nani anaruhusiwa kubadilisha utaratibu wenyewe?

Chukueni usambazaji, kazi ninayoijua zaidi. Duka liko Kariakoo, stoo Vingunguti, wateja wako Mbagala, Kimara na Tegeta. Saa moja na nusu asubuhi dereva wa Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, anapiga simu: gari limegoma Tabata, na mzigo wa Tegeta umo ndani. Hii ni kazi ya meneja. Anatafuta Kirikuu nyingine ya kukodi, anapatana bei, anampigia mteja kabla mteja hajampigia yeye. Anahakikisha mzigo unahamishwa kwa hesabu, katoni kwa katoni, dereva wa kwanza na wa pili wote wakisaini, maana mzigo hupotea hapo hapo pa kuhamishia. Jioni mteja amepokea, na meneja mzuri analala akijua siku imekwenda.

Mkurugenzi anauliza swali jingine: kwa nini tunapeleka mzigo Tegeta kila siku? Anafungua madaftari ya miezi kadhaa, anajumlisha mafuta, matengenezo na posho, anagawa kwa katoni zilizofika. Anaweza kukuta oda ndogo za Tegeta zinakula faida yote ya Mbagala. Basi anaamua: Tegeta iwe Jumanne na Ijumaa, oda isishuke chini ya kiwango fulani, au gari liuzwe tuwe tunakodi. Wateja wengine watanuna, na ni yeye atakayekaa mbele ya tajiri kuutetea uamuzi huo wiki nyingi kabla matunda hayajaonekana. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu ngumu ya kazi, na vijana wengi hawaandaliwi nayo.

Hata kwenye kuajiri ni hivyo. Kwenye sehemu ya watu tisa, meneja anaona anahitaji kuli mmoja zaidi. Mkurugenzi anaona kwamba huyo ni mfanyakazi wa kumi, na kuanzia kumi mwajiri anaingia kwenye tozo ya ufundi stadi, ile SDL. Meneja anasimamia kila mauzo yatoke na risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Mkurugenzi anahakikisha kodi ya mishahara ya mwezi uliopita ipo benki kabla ya tarehe 7 na VAT kabla ya tarehe 20, hata kama wateja wa mkopo hawajalipa.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, lakini anayesimamia wafanyakazi wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hayumo kwenye vifungu hivyo vya saa. Ukipandishwa umeneja, malipo ya ovataimu yanaweza kuishia hapo, kwa hiyo patana mshahara ukilijua hilo. Na ukiitwa mkurugenzi, uliza kama jina lako litapelekwa BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni. Mkurugenzi aliyesajiliwa anabeba wajibu wa kisheria kwa kampuni, ilhali mwingine anaweza kuwa na cheo hicho ofisini tu.

Ushauri wangu ni kuanza na umeneja, mahali ambapo mwenye biashara hampigii dereva simu kwa kukuruka. Kwenye usaili uliza kwa heshima: naidhinisha hadi kiasi gani bila kukupigia? Nani anaajiri na kuachisha? Hesabu za mwezi nitaziona? Majibu yaingie kwenye maelezo ya kazi, kwa sababu sheria hiyo hiyo ya ajira inamtaka mwajiri akupe maelezo hayo kwa maandishi. Akisita kwenye swali la hesabu huku anakupa ukurugenzi, kazi unaweza kuichukua, ila uifanye kama meneja na usikubali kubebeshwa hasara ya maamuzi ambayo hukuonyeshwa namba zake.