Binti ameandikiwa lithiamu: mpe, ila ujue kwanza damu itapimwa wapi

Dada yangu, umeuliza: binti yako wa miaka 17 katoka wodini na lithiamu, dawa ya baipola (ugonjwa wa akili unaompandisha mtu mno kisha kumshusha), majirani wanasema ni dawa ya vichaa na itammaliza figo, umpe au usimpe. Mimi si daktari, ni mama. Wangu alianza kuimeza akiwa na miaka 16, sasa ana 20. Nakwambia mpe. Lakini leo hii ujue damu yake itapimwa wapi, lini na kwa shilingi ngapi, maana dawa hii bila kipimo ni hatari kweli.

Wetu alianza kwa kunyamaza. Miezi miwili analala tu, chakula hagusi, tukasema mambo ya ujana. Kisha ghafla siku nne usiku na mchana hakufumba jicho. Anaongea mpaka sauti inakauka, viatu vyake vyote kawagawia vijana wa kijiweni, na ukutani sebuleni kachora kwa mkaa uwanja wa ndege atakaoujenga. Tukaanza na visomo. Dua naomba mpaka leo, ila wiki tatu zile zilitupotea, na hospitali ndiko tulikoambiwa ni baipola.

Kuhusu hiyo "dawa ya vichaa": lithiamu ni madini, chumvi inayotoka ardhini. Daktari John Cade wa Australia aliandika mwaka 1949 jinsi ilivyowatuliza wagonjwa 10 wenye mania, yaani kule kuchangamka kupita kiasi. Marekani waliiruhusu mwaka 1970, na tangu 2018 kibali chao kinaanzia watoto wa miaka 7. Tafiti nyingi zimeihusisha na kupungua kwa watu kujiua, na kwangu hilo lilimaliza ubishi, kwa sababu mwanangu alikuwa ameshatamka kwamba hataki kuishi.

Sasa kipimo. Kiwango kinachotakiwa kwenye damu kwa kawaida ni kati ya 0.6 na 1.0 (milimoli kwa lita), na kikipita 1.5 sumu inaanza. Unaona nafasi ilivyo nyembamba. Damu itolewe saa 12 baada ya dozi ya mwisho: amemeza saa tatu usiku, anatolewa saa tatu asubuhi kabla hajameza nyingine. Mwanzoni sisi tulipima kila wiki, dozi ilipotulia ikawa kila miezi mitatu, na figo na tezi ya shingoni kila miezi sita. Hapo ndipo figo zinapolindwa.

Angalia na kichupa. Jibu letu la kwanza lilisoma 2.9, mimi nikaishiwa nguvu, na mtoto amekaa pembeni anakula chipsi zake vizuri tu. Daktari akauliza kifuniko kilikuwa rangi gani. Kijani. Kumbe vichupa vingi vya kijani vina dawa ya kuzuia damu isigande ambayo ndani yake mna lithiamu! Tukarudia kwa kichupa kingine, ikaja 0.7.

Jikoni pia kuna kazi. Figo huishika lithiamu karibu kama inavyoshika chumvi ya chakula, kwa hiyo chumvi au maji yakipungua mwilini, lithiamu inabaki na kupanda. Baba yao alipokatazwa chumvi kwa ajili ya presha, nikawapikia wote chungu kimoja kisicho na chumvi. Mwezi haukwisha, kijana kikombe cha chai kinamtetemeka mpaka chai inamwagikia kwenye kisosi. Kupima, 1.4. Tangu siku ile baba ana sufuria yake. Kuhara, kutapika, joto kali, kufunga Ramadhani, yote haya mweleze daktari mapema. Diklofenaki na ibuprofeni asimeze kabisa bila ruhusa yake, nazo zinaipandisha. Kichwa kikiuma mpe parasetamoli. Ukimwona anayumba kama mlevi, ulimi mzito, anatapika, usimpe dozi inayofuata, kimbia hospitali saa hiyohiyo. Nje ya hapo asiache ghafla, ugonjwa hurudi kwa kishindo.

Kwa kuwa ni binti, muulizeni daktari habari za ujauzito mapema, hata kama mnaona aibu. Lithiamu ina hatari yake kwa moyo wa mtoto tumboni, na valproeti, dawa nyingine ambayo huenda mkapewa badala yake, ni mbaya zaidi.

Na msikilize mwenyewe. Wangu figo hazikumtisha, kilichomuumiza ni chunusi, kiu, na kuamka kukojoa mara tatu usiku. Siku moja natandika kitanda chake nikakuta vidonge 11 chini ya godoro. Sikumgombeza, nililia, kisha tukaenda wote kwa daktari, akampa dawa ya chunusi na kupanga dozi upya. Daftari la vipimo sasa analiandika yeye.

Majibu ya kwanza ya binti yakitoka, yaweke hapa pamoja na saa aliyomeza na saa aliyotolewa damu.